Koma mbili, miezi minne: nilivyojenga kisanduku kinachopanga tarakimu chenyewe

Ombi lilikuwa dogo. Mama mmoja mhasibu, aliyekuwa akitumia programu ya hesabu niliyomwandikia kwa Java, aliniambia: "Mwanangu, nikiandika milioni sifuri zinabanana mpaka macho yananidanganya. Hiki kisanduku hakiwezi kuweka koma chenyewe?" Nikamjibu, "Hilo halina shida, mama. Keshokutwa litakuwa tayari."

Lilichukua miezi minne. Katikati ya miezi hiyo kuna kiasi cha fedha kilichoingia kwenye hifadhidata kikiwa mara 100 ya kile alichokusudia, na kosa lilikuwa langu. Nimewasikia wenzangu wakiahidi "keshokutwa" hiyo hiyo, kwa hiyo naeleza mambo jinsi yalivyokwenda, pamoja na yale ambayo hata leo yananiuma.

Nilianza na kile ambacho Swing, maktaba ya Java ya kujengea madirisha na visanduku, inacho tayari. Kuna JFormattedTextField, kisanduku kinachojua kuipanga namba mtu anapotoka na kuhamia kisanduku kingine. Mistari michache ya msimbo, na koma zikatokea. Siku ya pili mama alifuta kiasi alichokuwa amekosea ili apaache patupu, akabonyeza Tab, na namba ile ile ya zamani ikarudi mbele ya macho yake. Akafuta tena, ikarudi tena. Sikujua kwamba tabia ya kawaida ya kisanduku hicho, iitwayo COMMIT_OR_REVERT, ni kurejesha kilichokuwemo awali iwapo maandishi mapya hayasomeki kama namba, na patupu hapasomeki kama namba. Kibaya zaidi, kilikuwa kikisoma mwanzo wa maandishi na kuyaacha yaliyofuata. Aliyeandika 12O0, herufi O mahali pa sifuri, alibaki na 12 bila onyo lolote.

Kama ningesoma maelezo yake kwa utulivu, ningeibadilisha tabia hiyo kwa mstari mmoja na kuandika kisomaji changu kinachokagua maandishi yote hadi mwisho. Kwa kazi nyingi hilo lingetosha kabisa. Nilikasirika, nikakiondoa, nikaamua kuandika kisanduku changu mwenyewe kitakachopanga tarakimu papo hapo, kila kitufe kinapobonyezwa.

Niliweka DocumentListener, msikilizaji anayepewa habari maandishi yanapobadilika, nikamwambia akisikia badiliko aweke koma. Java ikakataa kwa kosa la IllegalStateException lenye maneno "Attempt to mutate in notification". Maana yake huruhusiwi kuyabadilisha maandishi wakati yangali yanakutangazia kwamba yamebadilika. Nilitafuta upenyo nikaupata haraka mno: ukiliahirisha badiliko lako kwa SwingUtilities.invokeLater, kosa linatoweka. Ila badiliko lako nalo linatangazwa, msikilizaji anaamka tena, anabadilisha tena, bila mwisho. Nikaweka alama ya kumnyamazisha wakati anayeandika ni mimi. Nikaandika 1250000, nikaona koma zikiingia na kuhama zenyewe, nikaituma programu siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo sikulifanya ni kurudi katikati ya namba. Niliijaribu programu kama mtu anayeandika kutoka kushoto hadi mwisho bila kukosea hata mara moja, na kazini hakuna anayeandika hivyo.

Mama alikuwa na 1,250,000 na alitaka iwe 1,750,000. Akapeleka kishale, ule mstari mwembamba unaopepesa mahali pa kuandikia, mara tu baada ya 2. Akafuta. Msimbo wangu ukachukua tarakimu zilizobaki, ukazipanga kuwa 150,000, ukaandika maandishi yote upya. Maandishi yakiandikwa yote upya, kishale huenda mwisho. Akabonyeza 7, na kwenye skrini ikasomeka 1,500,007.

Kulikuwa na jingine. Kishale kikiwa mara tu baada ya koma, kitufe cha kufuta kilionekana hakifanyi kazi. Kinaifuta koma, msimbo unakuta tarakimu ni zile zile, unairudisha koma mahali pake. Unabonyeza mara tano, mara kumi, namba imesimama pale pale. Mtu anayekutana na hali hiyo hafikirii hitilafu ya programu. Anafikiri kibodi imeharibika, au kwamba kuna kitu yeye hakijui. Mama alinyamaza. Wiki zote hizo hakuniambia neno, nami nikachukulia ukimya wake kuwa shukrani.

Alikuwa amejitafutia njia. Alifungua Notepad, akawa anaandika kiasi huko, ambako kishale kinakaa mahali kilipowekwa, kisha ananakili na kubandika kwenye kisanduku changu. Siku moja alinakili kutoka kwenye taarifa aliyoletewa kiasi kilichoandikwa 1,250.00. Kisanduku changu kilikuwa cha namba nzima, na kanuni yangu ya kusafisha ilikuwa nyepesi: tupa kila kisicho tarakimu. Koma ikatupwa, nukta ikatupwa, ikabaki 125000, nayo ikapangwa vizuri kabisa kuwa 125,000. Na kwa kuwa ilikuwa imepangwa vizuri, ilionekana sahihi.

Tuligundua mwisho wa mwezi, hesabu zilipokataa kulingana. Siku mbili nilikaa naye tukipitia ingizo moja baada ya jingine, tukakuta mengine mawili ya namna hiyo hiyo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ningeandika kwenye daftari ningeliona." Nilipomuuliza kwa nini anaandika Notepad kwanza ndipo aliponieleza habari ya kishale na ya kitufe cha kufuta, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mimi ndiye niliyestahili kuomba radhi, nikaomba. Kisha sikuugusa ule msimbo kwa wiki nzima, kwa sababu nilikuwa naogopa kuugusa.

Niliporudi nilianza na karatasi. Nilijiuliza mle kisandukuni kuna nini hasa. Kuna thamani, yaani kiasi chenyewe. Kuna mavazi yake, yaani koma zinazoyasaidia macho. Na kuna mahali mtu alipo, yaani kishale, na sehemu aliyoichagua kama amechagua. Msimbo wangu ulikuwa ukivichanganya vyote kwenye mfuatano mmoja wa herufi, kisha ukikisahau kile cha tatu kabisa. Mtumiaji anafikiri kwa tarakimu. Akiweka kishale baada ya 2, mahali pale kwake panaitwa "baada ya 2". Kuhesabu "herufi ya tatu kutoka mwanzo" ni jambo la kompyuta, na koma ikiingia au ikitoka hesabu hiyo inapotea.

Kwa hiyo kabla ya kupanga, hesabu ni tarakimu ngapi ziko kushoto kwa kishale. Panga. Kisha rudisha kishale baada ya tarakimu ya idadi hiyo. Tuseme mstari wima ndio kishale:

12,3|45

Mtu akibonyeza 9 maandishi ghafi yanakuwa 12,39|45. Kushoto kuna tarakimu nne. Ukipanga unapata 123,945, na kishale kinakaa baada ya tarakimu ya nne:

123,9|45

Nilipoandika hivyo kwa mara ya kwanza na kishale kikabaki pale kinapotarajiwa, nilikaa nikibonyeza vitufe kwa muda mrefu kwa furaha tu.

Baadaye niligundua kwamba kwa kiasi cha fedha ni salama zaidi kuhesabu kutoka kulia. Koma za kiasi hupangwa kuanzia kulia, kwa hiyo kilicho kulia kwa kishale kwa kawaida hakibadiliki mtu anapoandika. Tena, ukiziondoa sifuri za mwanzo, kwa mfano 05 inapokuwa 5, hesabu ya kushoto inapungua ghafla lakini ya kulia inabaki vile vile. Namba ya kadi ya benki ni kinyume chake: inapangwa kuanzia kushoto, na hapo hesabu ya kushoto ndiyo inayofaa. Laiti ningelijua hili mapema, ningepunguza masharti kadhaa ya ajabu niliyoyaweka kuziba matundu.

Kuhusu kufuta koma, uamuzi niliofikia ni huu: mtu akibonyeza kitufe cha kufuta nyuma na kilichoko nyuma ya kishale ni koma, anakusudia kufuta tarakimu iliyo kabla ya koma hiyo. Ifute hiyo. Akibonyeza kile cha kufuta mbele na mbele kuna koma, futa tarakimu inayofuata. Kuna wanaoshauri kishale kiiruke koma kwanza na kufuta kwenye mbonyezo wa pili. Nilijaribu, na kwa anayefuta haraka mbonyezo mmoja unapotea kila baada ya tarakimu tatu. Sikuipenda.

Upande wa Swing, mahali sahihi pa kufanya yote haya ni DocumentFilter, kichujio kinachoshika badiliko kabla halijaingia. Hapo hakuna kuahirisha wala alama ya kumnyamazisha mtu. Nilipoteza nusu siku hata hivyo, kwa sababu niliandika insertString peke yake nikidhani kuandika ni kuingiza. Maandishi yanayotoka kwenye kibodi hupitia replace. Vichujio vyangu vilikuwa vimelala usingizi mzito huku namba zikipita. Andika zote tatu, insertString, replace na remove, na zote zipeleke kwenye utaratibu mmoja ulioko nje kabisa ya fremuweki (mfumo wa kujengea programu, kama Swing), usiojua chochote kuhusu vitufe: unapewa maandishi, mwanzo na mwisho wa sehemu inayobadilishwa, na maandishi mapya, unarudisha maandishi na mahali pa kishale. Uamuzi huo ndio ulioniokoa baadaye nilipohamia simu.

Kosa lililofuata nililifanya nilipoongeza desimali. Utaratibu wangu ulikuwa ukiisoma namba, kisha ukiiandika upya kwa mpangilio. Mtu akiandika 12 na nukta, namba inayosomeka ni 12, inaandikwa 12, nukta imetoweka. Hakuna namna ya kuandika desimali kwenye kisanduku kama hicho. Niliiruhusu nukta ya mwisho, nikaona nimemaliza, kisha mtu akataka kuandika 12.05. Alipofika 12.0 ikawa 12. Alama ya kutoa nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu peke yake bado haijawa namba.

Jambo hili nililielewa vizuri niliposoma jinsi Qt, fremuweki nyingine ya kujengea programu, inavyolishughulikia. QValidator yake, kikaguzi cha maandishi, ina majibu matatu: Invalid, Intermediate na Acceptable. Hilo la katikati ndilo nililolikosa. Maandishi yaliyo njiani kuwa namba yanastahili heshima yake. Usiyakatae, usiyasome, usiyabadilishe zaidi ya kuweka koma upande wa namba nzima. Tangu hapo utaratibu wangu hauigeuzi kuwa namba kabisa wakati mtu anaandika. Unashughulika na herufi tu, na kusoma kama namba kunafanyika mara moja, mtu anapotoka.

Kubandika nilikuacha mwisho kwa sababu nilikuwa nakuogopa kuliko yote. Nilichofanya ni kukutenganisha kabisa na kuandika. Kitufe kimoja kikileta herufi isiyotakiwa, inapuuzwa bila madhara. Maandishi yaliyobandikwa ni jambo zima, na lazima yasomwe kama jambo zima. Nafasi za mwanzoni na mwishoni, na ule mstari mpya usioonekana unaofuatana na kitu kilichonakiliwa kwenye jedwali, vinaondolewa. Kisha maandishi yote yanasomwa kwa kanuni za lugha aliyoichagua mtumiaji. Yakisomeka kwa namna moja tu, yanaingia. Yakiwa na desimali na kisanduku ni cha namba nzima, yanaingia iwapo desimali hizo ni sifuri tupu, na zinatupwa kama desimali, kwa hiyo 1,250.00 inakuwa 1,250. Vinginevyo yanabaki kama yalivyobandikwa, na chini ya kisanduku panaandikwa wazi kwamba kiasi hakikueleweka. Kukisia kwenye fedha za mtu sitakurudia.

Lugha ya mtumiaji ni jambo zito kuliko nilivyodhani. 1.250 kwa Mjerumani ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa Mwingereza ni moja na robo. Nchini India tarakimu hazipangwi tatu tatu: tatu za mwisho hukaa pamoja, kisha zinazotangulia hukaa mbili mbili, kama 12,34,567. Kifaransa hutumia nafasi nyembamba isiyovunjika, U+202F, ambayo ukiitazama ni kama nafasi ya kawaida lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Ukiondoa nafasi za kawaida tu, yenyewe inabaki na kusoma kunashindikana. Mpangilio usiuandike kwa mkono. Intl.NumberFormat ya vivinjari inayajua haya yote, na NumberFormat ya Java na QLocale ya Qt zinajua mengi yake, ingawa ile ya Java hupanga makundi ya ukubwa mmoja tu, kwa hiyo mpangilio wa India haiuwezi. Niliandika yangu kwa mkono mara ya kwanza na ilinilazimu kuitupa.

Sasa majaribio. Haya ndiyo ningeanza nayo kama ningerudishwa siku ya kwanza. Niliandika jedwali lenye mistari ya namna ile niliyoionyesha juu, kishale kikiwa mstari wima, upande huu kabla, katikati kitufe, upande wa pili baada. Mtu yeyote anaweza kulisoma na kukwambia kama anakubaliana nalo. Nilimpelekea mama. Alisahihisha mistari miwili, na alikuwa sahihi kwa yote miwili. Kisha nikaandika jaribio la nasibu: kompyuta inabonyeza vitufe ovyo mara maelfu, kwenye kisanduku changu na kwenye kisanduku cha kawaida kisichopanga chochote, na mwisho wa kila hatua tarakimu za visanduku vyote viwili lazima zifanane. Kilichoruhusiwa kutofautiana ni sifuri za mwanzo na ile hali ya kufuta koma. Jaribio hilo lilinionyesha, ndani ya dakika ya kwanza, kwamba mtu akichagua sehemu inayoanza ndani ya kundi moja na kuishia mara tu baada ya koma, kisha akaandika juu yake, tarakimu moja ilikuwa inapotea. Macho yangu yasingeliona hilo maishani.

Kutendua, yaani kurudisha nyuma tendo la mwisho (Undo), nako kulinisumbua. Kichujio kikibadilisha maandishi yote, Swing inaandika kwenye kumbukumbu yake matendo mawili, kuondoa na kuingiza. Mtu akitendua mara moja anabaki na kisanduku kitupu na moyo unamruka. Ilinibidi niyafunge matendo hayo mawili yawe moja. Kwenye kurasa za wavuti hali ni ngumu zaidi, kwa sababu msimbo ukiiweka thamani ya kisanduku wenyewe, historia ya kutendua ya kivinjari huvurugika. Kama watumiaji wako hutendua sana, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kupanga tarakimu mtu anapotoka tu.

Mwezi wa tatu tulitaka programu ile ile kwenye simu, nikatumia Flutter, fremuweki ya kujengea programu za simu. Utaratibu wangu ulihamia karibu ulivyo, ndani ya TextInputFormatter, ambayo inakupa hali ya zamani na hali mpya, kila moja ikiwa na maandishi na mahali pa kishale. Ukirudisha maandishi mapya bila kushughulikia selection, yaani mahali pa kishale na sehemu iliyochaguliwa, umerudi kwenye 1,500,007. Mambo matatu yalinichelewesha. La kwanza, vichujio hufuatana kwa mpangilio wa orodha, na kile cha kuruhusu tarakimu tu nilikiweka baada ya changu, kikawa kinazifuta koma nilizoziweka. La pili, vichujio huitwa mtu anapoandika. Thamani ikiwekwa na msimbo kupitia controller, kile kinachoshika maandishi ya kisanduku, haivipitii. Kiasi kilichotoka kwenye hifadhidata kilionekana 1250000 kikiwa uchi hadi mtu akiguse. Swing ni kinyume, kwa sababu setText nayo hupita kwenye DocumentFilter. Qt imelitenganisha jambo hili kwa uwazi: textEdited hutangazwa mtu anapohariri, textChanged hutangazwa kwa badiliko lolote. Jua fremuweki yako iko upande gani kabla hujaandika mstari wa kwanza.

La tatu lilinitoa jasho. Kwenye kisanduku kingine, kilichochanganya herufi na tarakimu, kibodi ya simu ilikuwa ikiandika herufi mara mbili mbili. Kibodi nyingi za simu hulishikilia neno likiwa bado linaundwa, huku zikipendekeza maneno. Kichina, Kijapani na Kikorea huandikwa kwa namna hiyo hiyo hata kwenye kompyuta. Ukibadilisha maandishi katikati ya uundaji huo, kibodi na kisanduku vinapoteza maelewano juu ya kilichokwisha kuandikwa. Flutter inakueleza sehemu inayoundwa kupitia composing, na vivinjari vina matukio ya compositionstart na compositionend. Ikiwa uundaji unaendelea, kaa mbali, panga ukiisha. Na kwa kiasi cha fedha omba kibodi ya tarakimu tangu mwanzo.

Wanaotumia Jetpack Compose, fremuweki ya kujengea programu za Android, wana bahati ambayo sikuwa nayo. VisualTransformation yake inayaacha maandishi halisi yakiwa tarakimu tupu na kuyavisha koma kwenye skrini peke yake, na OffsetMapping inatafsiri mahali pa kishale kati ya pande hizo mbili. Ndicho kile nilichokichora kwenye karatasi. Tahadhari moja: tafsiri hiyo ikirudisha mahali ambapo hapapo, programu inaanguka. Jaribu pembe zote, hasa patupu na mwisho wa maandishi.

Nilijaribiwa pia kutumia kisanduku hicho kwa kila kitu chenye tarakimu, na hapa nataka kukuzuia kwa nguvu. Namba ya simu na namba ya kadi hazihesabiwi, hazijumlishwi, na sifuri ya mwanzo ni sehemu yake. Zihifadhi kama maandishi. Kwenye JavaScript, namba nzima zinazoaminika zinaishia kabla ya 9,007,199,254,740,992. Andika 9007199254740993 na utarudishiwa 9007199254740992. Kadi nyingi zina tarakimu 16, kwa hiyo hatari hiyo iko karibu. Wala si zote zinapangwa nne nne. American Express ina tarakimu 15 zinazopangwa 4, 6 na 5. Ukiweka kikomo cha herufi 16 kwenye kisanduku kinachoongeza nafasi, mwenye kadi ya tarakimu 16 hataweza kuimaliza, maana pamoja na nafasi zake ni herufi 19. Namba za simu za kimataifa, kwa kanuni ya E.164, hazizidi tarakimu 15, lakini kila nchi ina makundi yake, na libphonenumber, maktaba ya Google ya namba za simu, tayari inayapanga mtu anapoandika. Sikuandika yangu, na sijutii.

Karibu na mwisho, mtu mmoja asiyeona aliijaribu programu kwa kisomaji skrini, programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Kila tarakimu aliyoiandika ilifuatiwa na namba nzima ikisomwa upya tangu mwanzo, kwa sababu kwa kisomaji maandishi yote yalikuwa yamebadilika. Hakuweza kujisikia mwenyewe akiandika. Kwa ajili yake niliweka chaguo la kuzima upangaji wa papo hapo, tarakimu zikajipanga anapotoka. Siku chache baadaye niliona kwamba watu wengine wanaoona nao wamelichagua. Leo nikianza programu mpya hilo ndilo chaguo la kawaida, na upangaji wa papo hapo unawashwa na anayeuhitaji.

Toleo hilo nilimpelekea mama mwenyewe, nikaketi pembeni. Nilikuwa nimejiwekea kutosema neno. Aliandika 1250000. Akarudisha kishale baada ya 2, akafuta, akaandika 7, akaangalia skrini kwa muda. Akapeleka kishale mara tu baada ya koma ya pili na kubonyeza kufuta, tarakimu ikaondoka. Akatendua, ikarudi. Notepad ilikuwa wazi nyuma ya programu, ikiwa na safu ya kiasi cha siku hiyo. Akaifunga bila kuhifadhi, akashuka mstari unaofuata.